Mwongozo kamili: jinsi ya kuifuatilia timu ya besiboli ya ridhaa msimu mzima bila hesabu kukuparaganyikia

Yanajirudia kila msimu. Mtu anaanza kwa moyo wote: daftari jipya, hakosi mechi, anajua nani kapiga nini. Ikifika mechi ya tano au ya sita, jumla ya mikimbio kwenye daftari lake haifanani na matokeo ya ligi, wachezaji wawili wana namba moja ya jezi, na kuna kurasa zenye mishale ambayo hata yeye mwenyewe haisomi. Hapo anaacha. Mwongozo huu ni wake.

Wengi hawaangushwi na kutojua besiboli. Wanaangushwa na kuanzia mwisho: wanakimbilia wastani wa upigaji na msimamo wa ligi wakati ukurasa wa mechi moja haujafungwa. Ukurasa ukifungwa vizuri kabla hujatoka uwanjani, yanayobaki ni kujumlisha. Usipofungwa, hakuna programu ya kompyuta itakayokuokoa.

Timu ya ridhaa ya watu wazima pia ina vituko vyake. Wachezaji wana kazi na familia, kwa hiyo wanachelewa, wanakosa, wanaazimana jezi. Hakuna mtangazaji wala kibao chenye majina, na mara nyingi matokeo yanaandikwa na mchezaji aliyekaa benchi akisubiri zamu yake. Mbinu za kufuatilia timu za kwenye televisheni hazifui dafu hapa.

## Maneno nitakayotumia

Mrushaji ndiye anayerusha mpira kutoka kwenye kilima. Mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji. Mpigaji akifika besi, yaani kituo kimoja kati ya vinne vya uwanja, anakuwa mkimbiaji. Kila mkimbiaji anayezunguka besi zote na kufika nyumbani, pale mpigaji anaposimama, anaipa timu yake mkimbio mmoja. Awamu ni zamu ya timu zote mbili kupiga. Nusu-awamu ni zamu ya timu moja, nayo huisha ikipata auti tatu. Straiki, boli, hiti na auti nadhani unazijua, la sivyo usingekuwa hapa. Kwa kukumbusha tu: straiki ni rusho ambalo mpigaji kalikosa au kaliacha ilhali lilipigika, boli ni rusho lililopita nje ya eneo la kupigika naye hakulipunga, hiti ni pigo linalomfikisha besi bila kosa la walinzi, na auti ni kutolewa.

## Mahitaji

- Daftari la kuandikia mechi za besiboli, lenye mistari ya wapigaji 12 au zaidi. Yale ya mistari 9 yatakusumbua. Sababu iko hatua ya kwanza.
- Penseli mbili na kifutio. Kalamu ya wino iache nyumbani.
- Ubao mwepesi wa kubania karatasi, maana viwanja vya ridhaa havina meza na upepo haukuombi ruhusa.
- Kanuni za ligi za msimu huu. Za mwaka jana hazikufai.
- Ratiba yenye tarehe za akiba za mechi zitakazoahirishwa.
- Orodha ya wachezaji na namba za jezi.
- Simu ya kupigia picha ukurasa ukimaliza.
- Jedwali la kompyuta lenye safu za kawaida tu. Usinunue programu mwaka wa kwanza.

Kofia, maji na kiti cha kukunja ni hiari yako, ila mechi ya awamu tisa hupita saa mbili na nusu kirahisi.

## Hatua ya 1: Soma kanuni za ligi kabla ya ratiba

Watu huruka hatua hii kwa sababu wanadhani besiboli ni moja. Mchezo ni mmoja kweli, lakini ligi za watu wazima huongeza masharti yao, na karibu kila sharti linagusa daftari lako. Tafuta majibu ya maswali haya na uyaandike ndani ya jalada:

Mechi ni awamu ngapi? Ligi nyingine hucheza 9, nyingine 7. Ukikosea hapa, takwimu za warushaji zote zitakuwa za uongo.

Kuna kikomo cha muda au cha tofauti ya mikimbio? Mechi inaweza kuisha mapema timu moja ikiongoza kwa mikimbio mingi, au saa ikifika. Usipojua, utadhani umeruka awamu.

Wapigaji wangapi wanaruhusiwa kwenye orodha? Ligi nyingi za watu wazima zinaruhusu wapigaji wa ziada wasiolinda (wasioingia uwanjani wapinzani wakipiga), hata timu nzima ipige. Ndiyo maana nilisema mistari 12.

Aliyetoka anaweza kurudi? Katika besiboli ya kulipwa hawezi. Katika ridhaa mara nyingi anaweza, hasa kwenye kulinda.

Mkimbiaji wa hisani anaruhusiwa? Huyu humkimbilia mdakaji au mwenye maumivu bila kuhesabiwa kama mbadala. Uliza mkimbio wake unaandikwa kwa nani.

Timu isipofikisha wachezaji matokeo ni nini? Kanuni rasmi humpa aliyefika ushindi wa 9–0, lakini ligi yako inaweza kuwa na namba yake. Mechi ya namna hiyo inaingia kwenye msimamo. Kwenye takwimu za wachezaji haiingii.

Timu zikilingana, kinaamua nini? Matokeo baina yao, tofauti ya mikimbio, au mikimbio ya kufungwa.

Umefaulu hatua hii kama mtu akikuuliza lolote kati ya hayo hufungui simu, unafungua jalada.

## Hatua ya 2: Tengeneza orodha inayoishi

Andika jina, namba ya jezi, mkono anaorushia na upande anaopigia. Acha nafasi ya namba ya pili ya jezi, kwa sababu ya kwanza itasahauliwa kwenye kabati siku moja.

Fika dakika 20 kabla ya mechi umwombe meneja orodha ya wapigaji. Kila ukurasa uandike jina, usiandike namba peke yake. Jezi namba 14 leo ni mwingine, wiki ijayo ni mwingine, na mwezi wa tatu wa msimu utajikuta umempa mtu hiti za mwenzake.

Tahadhari: hawa si watu maarufu. Kabla ya kuweka takwimu za mtu mahali pa wazi, mwombe ridhaa, au tumia herufi za mwanzo. Kuna ambaye hataki bosi wake ajue alikuwa uwanjani Jumatano mchana, na ana haki.

## Hatua ya 3: Chagua pa kukaa

Nyuma ya wavu wa besi ya nyumbani, ukisogea kidogo kulia au kushoto kwa mdakaji. Hapo unaona straiki, unaona nani kashika mpira na nani karusha.

Ukikaa pembeni mwa besi ya kwanza au ya tatu utaona vizuri zaidi nani kafika besi kwanza, ila viwanja vingi vya ridhaa havina wavu upande huo. Mpira wa fauli, yaani uliopigwa ukatoka nje ya mistari ya pembeni, unakuja kwa kasi ya kuvunja mfupa, nawe macho yako yako kwenye daftari. Usikae hapo ukiandika. Nyuma ya uwanja wa katikati, mbele ya macho ya mpigaji, napo si pa kukaa, mwamuzi atakuondoa.

Jambo moja la adabu: usitaje kwa sauti unachokiona kwenye ishara za mdakaji. Huo si ushabiki.

## Hatua ya 4: Andika mechi kwa namba za nafasi

Mfumo wote umejengwa juu ya namba tisa za walinzi: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 besi ya kwanza, 4 besi ya pili, 5 besi ya tatu, 6 shotistopu, 7 uwanja wa kushoto, 8 wa katikati, 9 wa kulia. Kosa la kawaida ni kumpa shotistopu 5 kwa sababu amesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Yeye ni 6. La pili ni kuchanganya namba hizi na za jezi. Hazihusiani kabisa.

Kila mpigaji ana kisanduku chake kwa kila awamu, chenye almasi katikati, yaani mchoro wa besi nne. Ndani yake andika jinsi alivyofika besi au alivyotoka:

- 6-3: mpira ulibiringika kwa shotistopu, akamrushia wa besi ya kwanza, auti.
- F8: mpira wa juu ulidakwa na wa katikati.
- K: straiki tatu akiwa amepunga gongo. Akiwa amesimama tu akitazama, K igeuze kinyumenyume.
- BB: boli nne. HBP: kagongwa na mpira.
- E6: kafika kwa kosa la shotistopu.
- FC: kafika kwa sababu mlinzi alichagua kumtoa mkimbiaji mwingine.
- SF: mpira wa juu uliodakwa lakini ukamfikisha mkimbiaji nyumbani. SH: pigo la kugusa tu mpira ili mkimbiaji asogee.
- SB: kaiba besi. CS: kakamatwa akiiba.
- WP: mrushaji karusha ovyo mkimbiaji akasogea. PB: rusho lilikuwa la kudakika, mdakaji kapitwa.

Hiti ichoree mstari kutoka nyumbani hadi besi aliyofika. Mkimbiaji akiendelea, endeleza mstari na kwenye kona andika kilichomsogeza: SB, WP, au nafasi ya mpigaji kwenye orodha. Akifika nyumbani, jaza almasi yote rangi. Kila auti ipewe namba yake ndani ya duara: 1, 2, 3. Nusu-awamu ikiisha, piga mstari wa mshazari chini ya kisanduku cha mpigaji wa mwisho.

Tazama nusu-awamu moja jinsi inavyokaa. Wa kwanza anapiga chini kwa shotistopu: 6-3, duara la 1. Wa pili anapata boli nne: BB. Wa tatu anapiga hiti ya besi moja kwenda kulia, na wa pili anakimbia hadi besi ya tatu; kwenye kona yake unaandika 3, kwa kuwa ni mpigaji wa tatu aliyemsogeza. Wa nne anapiga juu mbali katikati, mpira unadakwa, lakini wa pili anawahi nyumbani: SF8, duara la 2, na almasi ya wa pili inajazwa. Wa tano anapunga straiki ya tatu: K, duara la 3. Mshazari. Wa tatu kabaki besi ya kwanza. Shika mfano huu, tutaufunga hatua ya 6.

Kanuni yangu moja ambayo sibishani nayo: andika rusho likiisha, kabla ya kushangilia. Mwenye kushangilia kwanza ndiye anayeuliza jirani "ilikuwa nini ile?" na jirani naye alikuwa anashangilia.

Ukipitwa na tukio, usibuni. Weka alama ya kuuliza pembeni ya kisanduku, endelea, umuulize mdakaji wa akiba awamu ikiisha. Wao huona kila kitu.

Kuna mtego mmoja hapa. Straiki ya tatu isiyodakwa inaweza kumruhusu mpigaji kukimbia besi ya kwanza. Mrushaji bado anahesabiwa K na mpigaji bado kapoteza zamu, ila auti hakuna. Ndiyo sababu mrushaji anaweza kupata K nne katika nusu-awamu moja, nawe usidhani umekosea.

## Hatua ya 5: Hiti au kosa?

Hapa ndipo urafiki huvunjika. Mpira umempita wa besi ya tatu: mpigaji anataka hiti, mrushaji anataka kosa, na wote wanakutazama wewe.

Kipimo rasmi ni juhudi ya kawaida: je, mlinzi wa nafasi ile mwenye uwezo wa wastani *katika ligi ile*, kwa hali ya uwanja na hewa ya siku ile, angeumudu? Sisitiza maneno "katika ligi ile". Mshabiki aliyelelewa na televisheni huwapa walinzi wa ridhaa makosa kwa mipira ambayo mtu wa miaka 45 aliyetoka kazini hawezi kuifikia. Uwanja ukiwa na mashimo na mpira ukaruka ghafla puani kwa mlinzi, hiyo ni hiti.

Mambo manne ya kukusaidia kuamua:

Kosa la akili si kosa la daftari. Mlinzi akirusha besi isiyofaa, au akisahau auti ni ngapi, huandiki E.

Si lazima mlinzi auguse mpira. Mpira wa juu uliotua katikati ya wawili waliotazamana, kama mmoja angeudaka kwa juhudi ya kawaida, ni kosa lake.

Auti mbili kwa mpigo haikisiwi. Wakipata ya kwanza na rusho la pili likaharibika, hakuna kosa, isipokuwa kama mkimbiaji kapata besi ya ziada kwa rusho hilo.

Amua siku hiyo hiyo na usibadilishe kwa kuombwa. Ukibadilisha mara moja, utapigiwa simu kila Jumatatu.

Makosa yana uzito mwingine pia. Mikimbio anayobebeshwa mrushaji ni ile tu ambayo ingepatikana hata bila makosa na bila mdakaji kupitwa. Icheze upya nusu-awamu kichwani ukifuta E na PB, uone nani angefika nyumbani. WP usiifute, hiyo ni yake mwenyewe.

## Hatua ya 6: Funga ukurasa kabla ya kuondoka

Hii ndiyo hatua inayotenganisha anayemaliza msimu na anayeacha mwezi wa pili wa msimu. Fanya kama mwenye duka: hesabu hufungwa jioni ile ile.

Kanuni rasmi za besiboli zina mizani ya kuhakiki, na ni nzuri ajabu. Kwa kila timu:

Zamu za kupiga zinazohesabika (AB) + BB + HBP + SH + SF + waliopewa besi kwa kuzuiwa au kuingiliwa = mikimbio + waliobaki kwenye besi + auti zilizopatwa na wapinzani.

Maana yake ni rahisi: kila aliyekwenda kupiga lazima awe kafika nyumbani, kabaki kwenye besi, au katolewa. Hakuna pa nne.

Rudi kwenye mfano wetu. AB ni tatu (6-3, hiti, K), BB moja, SF moja. Jumla 5. Upande wa pili: mkimbio 1, aliyebaki 1, auti 3. Jumla 5. Nusu-awamu imefungwa.

Isipokaa sawa, usiitafute kwenye mechi nzima. Nenda nusu-awamu moja moja: idadi ya wapigaji iwe sawa na mikimbio + waliobaki + 3. Utaikuta baada ya dakika mbili. Mara nyingi ni moja kati ya hizi:

1. Aliyefika kwa FC au kwa kosa hukumhesabia AB. Wote wawili wanahesabiwa AB, na wala si hiti.
2. Mkimbiaji katolewa kwenye besi na hukumwekea duara.
3. Auti ya tatu ilikuwa ya mkimbiaji mwingine, na mpigaji aliyefika besi ya kwanza hukumhesabu. Anahesabiwa kuwa amebaki kwenye besi.
4. Hili mizani hailikamati, lakini likague pia: SF umeiandika kama F8 ya kawaida. Mizani itakaa sawa, ila wastani wa mpigaji utaharibika, kwa hiyo kila almasi iliyojazwa rudi uangalie nani kaileta nyumbani.
5. Mechi iliisha timu ya nyumbani ikiwa inapiga. Nusu-awamu hiyo haitakuwa na auti tatu.
6. Awamu za nyongeza zilizoanza na mkimbiaji aliyewekwa besi ya pili. Huyo hakupiga, hivyo ongeza 1 upande wa kushoto kwa kila aliyewekwa.

Kisha linganisha na daftari la wapinzani kabla halijaingia kwenye gari la mtu. Linganisha mikimbio ya kila awamu tu. Hiti na makosa mtatofautiana, achaneni nayo. Piga picha ukurasa. Andika juu yake tarehe, uwanja, saa ya kuanza na kumaliza, na kama ni mechi ya kwanza au ya pili ya siku hiyo.

Mafanikio hapa yana sura moja: pande mbili sawa kwa timu zote mbili, na hakuna alama ya kuuliza iliyobaki.

## Hatua ya 7: Hamishia kwenye jedwali usiku ule ule

Mstari mmoja kwa mchezaji mmoja kwa mechi moja. Usiandike jumla juu ya jumla ("alikuwa na 7, leo kaongeza 2, naandika 9"), maana ukikosea hutajua umekosea mechi gani. Acha jedwali lijumlishe lenyewe.

Wastani wa upigaji ni hiti gawanya kwa AB. Usichukue wastani wa wastani. Mtu aliyepiga 2 kati ya 2 mechi ya kwanza na 1 kati ya 5 ya pili ana 3 kati ya 7, yaani .429. Ukichukua 1.000 na .200 ukagawa kwa mbili utampa .600, na atakupenda sana, lakini ni uongo.

Kiwango cha kufika besi ni bora zaidi kwa timu za ridhaa, kwa kuwa warushaji wengi hutoa boli nne kwa wingi. Ni (hiti + BB + HBP) gawanya kwa (AB + BB + HBP + SF). Mwenye hiti 12 katika AB 40, BB 8, HBP 1 na SF 1 ana wastani wa .300 tu, lakini hufika besi mara 21 kati ya 50: .420. Huyo anafaa kuanza kupiga, na mara nyingi utamkuta wa nane.

Kwa mrushaji, hesabu ni mikimbio anayobebeshwa kwa kila awamu tisa, na ina mtego uliowamaliza wengi. Awamu 6.2 daftarini maana yake ni awamu sita na auti mbili. Si sita nukta mbili. Mrushaji aliyebebeshwa mikimbio 4 katika awamu 6.2, ukiingiza 6.2 kwenye kikokotoo utapata 5.81. Jibu sahihi ni 5.40. Dawa ni kuandika auti badala ya awamu: auti 20. Kisha mikimbio × 27 (auti za awamu tisa) ÷ auti, yaani 4 × 27 ÷ 20. Ligi yenye mechi za awamu 7 ikihesabu kwa awamu zake, tumia 21 badala ya 27 na utapata 4.20. Andika juu ya safu umetumia ipi.

## Hatua ya 8: Msimamo na mechi zilizoahirishwa

Mvua ikinyesha msimamo huvurugika, kwa sababu timu zinakuwa zimecheza mechi tofauti. Usitazame idadi ya ushindi peke yake. Tazama asilimia ya ushindi, kisha pengo la mechi: (ushindi wa kinara − ushindi wako + vipigo vyako − vipigo vya kinara) ÷ 2. Kinara ana ushindi 12 na vipigo 4, ninyi 9 na 6: (3 + 2) ÷ 2 = 2.5. Mko nyuma mechi mbili na nusu.

Mechi iliyosimamishwa si sawa na iliyofutwa. Ya kwanza huendelea pale ilipoishia, hivyo ukurasa wake uache wazi na uandike auti, wakimbiaji walioko besi, hesabu ya boli na straiki za mpigaji, na mrushaji aliyeko kilimani. Bila hayo siku ya kuendelea itakuwa ya mabishano. Ya pili, kama haikufikia awamu zinazotakiwa na ligi, haihesabiki popote.

Ukitaka kujua kama timu yako ina uwezo au ina bahati, Bill James, mwandishi wa Marekani wa takwimu za besiboli, alishaacha kanuni: mikimbio ya kufunga kipeo cha pili, gawanya kwa jumla yake na ya kufungwa kipeo cha pili. Timu iliyofunga 96 na kufungwa 72 inapata .640, yaani ushindi 9 hadi 10 katika mechi 15. Wenye 9 na 6 wako pale wanapostahili. Ila ondoa kwanza ile mechi mliyoshinda 22–1 wapinzani wakiwa na wachezaji wanane.

## Hatua ya 9: Safu ambayo hakuna anayeiweka

Weka safu ya mahudhurio. Nani alikuja, nani alichelewa hadi awamu ya tatu, nani alirusha na alirusha mipira mingapi. Kwa timu za watu wazima naiamini safu hii kuliko wastani wa upigaji. Timu ile ile yenye warushaji watatu Jumamosi na mmoja Jumapili ni timu mbili tofauti, na mtu anayetazama matokeo peke yake ataita hilo "kushuka kiwango".

Idadi ya mipira ya kila mrushaji ni rahisi kuipata: nukta moja pembeni ya ukurasa kwa kila rusho, ukikata kila tano. Mpe meneja akitaka. Atataka, hasa bega la mrushaji wake likianza kulalamika.

## Hatua ya 10: Mtoano

Wiki tatu kabla, fanya kazi moja: hakiki nani anaruhusiwa. Ligi nyingi zinadai mchezaji awe amecheza idadi fulani ya mechi za kawaida, na safu yako ya mahudhurio itakuwa ushahidi uliopangwa vizuri kuliko wa meneja mwenyewe. Akigundua mapema kwamba mtu amepungukiwa na mechi moja, anaweza kumwingiza. Akigundua baada ya mtoano kuanza, timu inaweza kupokonywa ushindi.

Takwimu za mtoano ziweke jedwali lake. Usizichanganye na za msimu wa kawaida.

Soma pia muundo: kipigo kimoja nje, vipigo viwili nje, au bora katika mechi tatu. Muundo wa vipigo viwili unakula warushaji, kwa sababu anayepoteza mechi ya kwanza anaweza kucheza mara mbili siku moja. Beba penseli ya tatu na kurasa za kutosha.

## Ukikosa mechi

Utakosa, hakuna anayemaliza zote. Mwombe mwenye daftari la timu picha ya ukurasa, uipitishe kwenye mizani ya hatua ya 6 kama ilivyo. Ikikaa sawa, ingiza. Isipokaa, ingiza matokeo ya mechi kwenye msimamo tu, na kwenye jedwali la wachezaji andika "haikuhakikiwa" bila kujaza namba. Mchezaji akikujia kudai hiti zake mbili za siku ile, mwonyeshe picha muitafute pamoja.